Kumnusa Kaka

Kazi yangu machimboni ilikuwa kushika roda, lile gogo lenye vishikio pande mbili ambalo kamba hujiviringisha juu yake mtu anaposhuka shimoni au mfuko wa mawe unapopanda. Watu hudhani ni kazi ya misuli. Misuli inatakiwa, sikatai, lakini kazi yenyewe hasa ni kutoamini. Kamba huiamini mpaka uipapase yote. Matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisibomoke, huyaamini mpaka uyagonge. Na mtu anayetaka kushuka humwamini mpaka umnuse.

Ndiyo, tulinusana. Duarani kwetu, maana shimo la dhahabu sisi tunaliita duara, kulikuwa na desturi niliyoikuta. Kila asubuhi mchimbaji anasimama mbele ya mshika roda, anaachama na kupumua kwa nguvu usoni pake. Mshika roda akisikia harufu ya pombe haruhusiwi kunong'ona. Anapaza sauti, "Huyu hapana!", na kila aliyepo anasikia, ili mtu asije akabembeleza au akazunguka nyuma na kushuka kwa kificho. Siku ya kwanza mwenye duara aliniambia bila kupepesa macho, "Ukimwonea mtu haya ukamshusha amelewa, usije kuniambia pombe imemuua. Umemuua wewe."

Niliipenda kazi ile. Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni. Mama yetu hupenda kusimulia kwamba nilikuwa sinywi uji mpaka nionje kwanza wa wenzangu, nihakikishe hawajapewa mtamu zaidi. Nyumbani tabia hiyo iliwaudhi watu. Pale duarani ikawa ndiyo inayowarudisha kwao wazima, na hakuna aliyeninunia kwa sababu yake.

Shida ni kwamba mlevi wetu mkubwa alikuwa kaka yangu mwenyewe.

Tumezaliwa tumbo moja, Didia, nyumba ya wakulima wa pamba na mpunga. Yeye ndiye aliyetangulia kuja huku machimboni upande wa Masumbwe, akanitafutia kazi, akanigawia kitanda chake mpaka nikapata changu. Ni mtu mwema kaka yangu. Akinywa gongo anakuwa mwema zaidi, na hapo ndipo watu wanapokosea, wakidhani mlevi wa hatari ni yule anayepigana. Kaka hakuwahi kupigana na mtu. Alikuwa anasahau tu. Anasahau fundo, anasahau mguu wake uko wapi, anasahau kwamba chini yake kuna shimo.

Na alikuwa mjanja. Alitafuna majani ya mpera, alitafuna tangawizi mbichi, alikula kitunguu kibichi asubuhi kama mtu anayekula chapati. Siku akija ananukia dawa ya meno mpaka masikioni, nilijua kuna jambo. Nilikuwa namwambia, "Kaka, mtu msafi hivi anakwenda kuchumbia, si kuchimba," watu wanacheka, na yeye anacheka, na anarudi kulala. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Siku moja alinipita. Sijui alitafuna nini. Nilinusa nikasikia limau tu, nikamshusha. Kabla hajafika chini aliachia kamba, akidhani amefika. Tulimtoa akiwa amefungwa chini ya makwapa, damu zimemjaa usoni, na mimi ndiye niliyekuwa nazungusha roda. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule. Alivunjika mfupa wa bega na mbavu, akakaa hospitali, kisha akaenda kuuguzwa Didia kwa mama.

Nilipokwenda kumchukua, mama alinisindikiza hadi barabarani. Hakulia. Alisema, "Ng'wanawane, mwanangu, waliondoka hapa wawili. Nataka wawili." Mwenye duara naye alikubali kumrudisha, ila akaniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye. "Akianguka tena," alisema, "sitamlaumu yeye."

Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa hili: maisha ya kaka yangu yalikuwa yanapita puani mwangu kila asubuhi, na pua yangu ilikwisha kosea mara moja.

Habari za mikutano zilitoka kwa muuguzi aliyekuwa akimfunga bandeji. Alimwambia kwamba kuna watu walioacha pombe ambao hukutana kila wiki, wanakaa, wanazungumza, basi. Kaka aliponieleza nilimuuliza wanazungumza nini. Hakujua. Wanalipisha nini? Hakuna. Kiongozi wao ni nani? Hawana. Nikamwambia kitu kisicho na bei wala mwenyewe, huku kwetu, ama kimeibwa ama ni mtego. Lakini alikuwa ameomba kwenda kwa mdomo wake mwenyewe, na hilo halijawahi kutokea, nikaona nimpeleke mimi. Nilitaka pia kuhakikisha kwamba anakwenda huko anakosema.

Muuguzi alikuwa amesema Chato, basi tukapanda basi kwenda Chato. Tulizunguka mji ule kama watu wanaotafuta ng'ombe aliyepotea. Hospitali walitutuma kanisani, kanisani wakatutuma ofisi za kata, kata wakatutuma kwa mama mmoja muuza dagaa karibu na ziwa, ambaye alituangalia kwa huruma mpaka nikakasirika. Alikuwa anawajua. Walikuwa wanakutana kwenye jengo la chama cha ushirika, lakini aliyekuwa anawafungulia mlango alihamishwa kikazi, wakatawanyika. "Nyie mmetoka wapi?" akauliza. Tukamwambia Masumbwe. Akapiga makofi. "Masumbwe si wapo! Jumamosi alasiri, darasa la chekechea nyuma ya kanisa. Mmepita mlangoni kwao kuja huku."

Kaka alicheka njia nzima ya kurudi. Mimi sikucheka. Masumbwe ni mji ambao kuku akipotea asubuhi, mchana watu wanajua ameliwa na nani. Inakuwaje watu wakutane kila Jumamosi na mimi nisisikie? Mtu anayejificha kiasi hicho ana cha kuficha.

Nikaanza kuulizia kwa pembeni. Kinyozi wangu alisema wale ni wanunuzi wa dhahabu ya magendo, walevi ni kisingizio. Mwendesha bodaboda akasema si kweli, wale ni askari kanzu wanaowinda wapika gongo. Mama muuza sambusa alishusha sauti akasema wanafunga mlango wakiwa ndani, na watu wanaofunga mlango mchana kweupe ni frimasoni, hakuna wengine. Niliwaza maneno yao wote watatu, na kila moja niliona linawezekana kabisa.

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Mlango ulikuwa wazi, ila nilijiambia watakuwa wanatusubiri tuingie. Ndani kulikuwa na watu wachache waliokaa kwenye viti vya chekechea, vile vidogo vyekundu na vya bluu, magoti yamefika kidevuni. Ukutani kulikuwa na picha za bata na herufi. Aliyetukaribisha alikuwa mama mmoja wa hijabu, mtu mzima, mfanyabiashara wa vitenge pale sokoni, mwenye lafudhi ya mtu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Nilikuwa nimemwona mara nyingi dukani kwake. Nikajiuliza mama kama yule, anayeheshimika, Mwislamu, anafanya nini kwenye kikao cha walevi. Lazima yeye ndiye mwenye biashara.

"Shikamoo mama," nilimwambia, na kwa adabu tuliyolelewa nayo nikaanza kujitambulisha, mimi ni fulani, mtoto wa fulani, wa Didia. Aliinua mkono taratibu.

"Marahaba, baba. Jina kaa nalo tu. Hapa hatuliulizi."

Kwetu mgeni akiingia bila kusema yeye ni wa nani hata maji hapewi. Mtu asiyetaka jina lako, niliwaza, hataki kuulizwa habari zako baadaye.

Akaniuliza kama na mimi ninakunywa. Nilimwambia hapana, nimemsindikiza kaka. Akasema ndugu wanaweza kukaa kama aliyesindikizwa anakubali, ila kazi yao ni kusikiliza. Kaka alikubali. Kisha yule mama akatumiminia chai kutoka kwenye birika kubwa la bati. Kaka alikunywa. Mimi nilishika kikombe mpaka chai ikapoa, nikawa naangalia nani mwingine hanywi. Wote walikunywa. Sikuonja hata tone.

Wakaanza kuzungumza mmoja mmoja. Mtu anasimama, au anajaribu kusimama kutoka kwenye kile kiti, anasema mimi ni mlevi, wenzake wanaitikia karibu. Yule mama wa vitenge ndiye aliyeanza. Alisema mimi ni mlevi, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba kitenge hiki hakichuji. Alieleza alivyokuwa akificha chupa kati ya majora ya vitambaa, na alivyokuwa akifunga Ramadhani mchana na kufungulia kwa kitu kingine. Nilijisikia vibaya, sikuwa na mahali pa kutazama, nikatazama bata wa ukutani. Lakini hata hapo sikuacha. Nilijiambia mtu akikupa siri yake kubwa bure, anataka yako.

Zamu ya kaka ilipofika, alisimama, akasema amewahi kuanguka duarani. Mtu mmoja akauliza, "Duara lipi?" Hilo ndilo swali nililokuwa nasubiri. Huku machimboni mtu akiuliza duara lipi, swali linalofuata ni kama mmeukuta mwamba wenye dhahabu, na kesho yake utakuta majirani wanachimba kwa ubavuni kukufuata. Nilikwisha inua mguu kumkanyaga kaka. Yule mama akasema kwa upole, "Hayo hatuulizani." Aliyeuliza akaomba radhi. Unaweza kudhani nilitulia. Niliwaza kwamba wamepangana, mmoja anauliza, mwingine anakataza, ili sisi tuwaone waungwana.

Kilichonishinda kabisa lakini ni jinsi walivyoaminiana. Mtu anasema wiki hii sijanywa, nao wanasema asante. Basi! Hakuna anayemsogelea, hakuna anayemwambia apumue. Niliwaza, hawa wangeshika roda kwetu, tungezika watu kila Jumatatu.

Kaka aliendelea kwenda, na mimi niliendelea kumsindikiza. Akaacha pombe. Nasema akaacha, lakini wakati ule sikusema hivyo, nilisema haonekani kunywa. Alianza kuimba asubuhi akiosha uso, nikashuku kuimba. Alianza kulala mapema, nikashuku usingizi. Akitoka kwenda dukani namfuata kwa mbali, na akiwa kazini ninapekua chini ya godoro lake na ndani ya gamubuti zake. Kila asubuhi duarani ninamnusa mara ya kwanza, kisha ninamwambia rudia. Wenzetu walianza kunung'unika kwamba foleni inachelewa. Yeye hakunung'unika. Alikuwa anaachama tu, "Nusa tena, mdogo wangu, usije ukalala na wasiwasi."

Nilikuwa nampenda, na sikuwa na njia nyingine ya kumpenda zaidi ya kumshuku.

Kulikuwa na mzee mmoja kwenye mkutano ambaye alikuwa anakuja kwa baiskeli kutoka kijiji cha mbali, mfugaji, mtu wa maneno machache. Kila Jumamosi aliegemeza baiskeli yake chini ya dirisha na kukaa kiti cha karibu na mlango. Alikuwa akisema sentensi moja au mbili tu kwa Kiswahili chenye Kisukuma kingi, halafu anakaa. Watu walimheshimu sana. Kaka alimpenda, alisema mzee yule anamkumbusha marehemu baba, na alianza kukaa karibu naye.

Jumamosi moja mzee alichelewa. Nilimwona akisimama mlangoni, akazungumza kidogo na mama wa vitenge kwa sauti ya chini, kisha akaingia. Safari hii hakukaa kwenye kiti chake. Yule mama alimweka katikati, karibu na birika, na kiti hicho kilikuwa ubavuni kwangu. Mzee akashusha pumzi.

Gongo. Sikuwa na shaka hata chembe. Gongo ya siku hiyohiyo, si ya jana.

Nataka nieleze vizuri kilichofuata, maana watu wa mjini nikiwasimulia wanadhani nilifanya kwa ubaya. Sikuwaza. Mtu aliyeshika roda muda mrefu hawazi akisikia harufu ile, mdomo unafunguka wenyewe. Duarani kunyamaza ndiyo dhambi. Nilisimama, kile kiti kidogo kikaanguka nyuma yangu, nikamnyooshea mzee kidole na kupaza sauti kama niko machimboni, "Huyu hapana!"

Waliokuwa wanakunywa chai waliweka vikombe chini.

Nitakuwa nadanganya nikisema niliona aibu mara moja. Kwanza niliona fahari. Niliwaza, leo wameona maana ya pua. Nikawatazama wote nikisubiri mmoja aseme asante, kama wanavyosema duarani.

"Kaa chini, mwanangu," alisema mama wa vitenge. Hakupandisha sauti. "Tunajua. Ameniambia mwenyewe mlangoni. Ndiyo maana nimemkalisha karibu na chai."

Mzee alinyanyuka. Alikunja kofia yake mkononi, akasema "Wabeja," ambayo ni asante kwa Kisukuma, akamwambia yule mama, wala si mimi. Alitoka. Tulimsikia akivuta baiskeli yake kutoka dirishani. Mama wa vitenge alimfuata hadi nje, wakazungumza, akarudi peke yake. Mkutano uliendelea.

Njiani kaka alitembea mbele yangu mpaka tulipofika karibu na nyumbani. Halafu akasimama.

"Siku nikinywa mimi," alisema, "nitakwenda wapi?"

"Hutakunywa."

"Sijakuuliza kama nitakunywa. Nimekuuliza nitakwenda wapi."

Nilimwambia kwamba nilichofanya ndicho tunachofanya kila siku, kwamba angekuwa duarani angenipongeza. Akasema, "Pale si duarani. Duarani unamzuia mtu asishuke. Yule mzee alikuwa tayari ameshashuka, alikuwa anapanda." Akaingia ndani. Nilibaki nje nimekasirika, nikajiambia anamtetea mzee kwa sababu anajitengenezea njia na yeye. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Jumamosi iliyofuata mzee hakuja. Wala iliyofuata. Kaka alikwenda, lakini alimwomba yule mama kwamba mimi nibaki nje, nikakalishwa barazani na kikombe changu cha chai. Alikuwa hasemi kitu ndani, niliambiwa, zamu yake ikifika anatikisa kichwa. Kazini anaachama, ninanusa, anashuka. Nyumbani tunakula bila utani. Na hapo ndipo hofu yangu ilipogeuka sura. Zamani niliogopa kwamba atakunywa. Sasa niliogopa kwamba atakunywa na hatakuwa na mtu wa kumwambia, na kitakachobaki kati yake na lile shimo ni pua yangu peke yake.

Nilimwendea mzee. Mama wa vitenge hakutaka kunielekeza mpaka alipomtumia mtu kumuuliza, na jibu likarudi kwamba nije tu. Nilimkuta akitengeneza zizi, anapachika matawi ya miiba.

"Mwadila, baba," nilimsalimia kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba." Alipachika tawi moja kwanza. "Umekuja kuninusa?"

Nilisema hapana, nimekuja kuomba radhi. Alinionyesha rundo la miiba, nikaanza kumsogezea, na tukafanya kazi hivyo mpaka mikono yangu ikachanika. Kisha alisema nyumbani kwake hakuna anayejua mambo ya mikutano, mke wake anajua Jumamosi anakwenda Masumbwe kutafuta dawa ya ng'ombe. Siku ile alipita kilabuni asubuhi, akanywa, akaona aibu, akawaza arudi kilabuni au aende mkutanoni hivyohivyo. Akaenda mkutanoni hivyohivyo.

"Ulisema kweli," aliniambia. "Sina ugomvi na wewe."

"Basi rudi, baba."

"Nitaangalia," alisema. Huku kwetu mtu akikwambia nitaangalia, ujue amekataa, ila hataki uondoke na maneno mazito. Alinipa karanga za kupeleka nyumbani. Hakurudi mkutanoni, na sijui kama ameacha au bado anakunywa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilimweleza kaka. Nilimweleza yote, hadi swali la kunusa. Alikula zile karanga akiniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, halafu akasema, "Uliokota miiba kwa mikono?" Nikamwonyesha viganja. Alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani kwetu tangu siku ile. Jumamosi iliyofuata niliambiwa alisimama na kuzungumza. Alisema nini sikuuliza. Nilikuwa nje barazani, na chai yao nilikuwa nimekwisha anza kuinywa.

Baada ya hapo siku zilikwenda vizuri mpaka nikaanza kusahau kumwambia arudie.

Asubuhi moja, tulikuwa tumepanga foleni kama kawaida. Mwenye duara alikuwepo, ameleta kamba mpya na anaikagua. Kaka alifika mbele yangu, akaachama, nikanusa. Kulikuwa na harufu ya uji wa mtama na ya sabuni. Hakuna dawa ya meno, hakuna limau, hakuna jani. Nilimnusa vizuri, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nikamsogezea kitanzi cha kukalia.

Hakukishika.

"Usinishushe," alisema, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. "Jana nimekunywa."

Najua nilivyo, kwa hiyo sitaficha nilichowaza kwanza. Nilishuku kwamba anadanganya. Niliwaza anatafuta siku ya kupumzika. Nilimsogelea nikamnusa tena, kinywani, kwenye nguo, nikamshika hata vidole nikavinusa, mbele za watu. Uji na sabuni. Ndipo alipokichukua kile kitanzi mwenyewe, akampa aliyekuwa nyuma yake.

Mwenye duara aliweka kamba chini. "Umemnusa?" akaniuliza.

"Nimemnusa."

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

Alimtazama kaka, akanitazama mimi, akajikuna kichwa. Nilisubiri amfukuze. Alisema, "Tangu niwe na duara hili sijaona mtu anajikamata mwenyewe. Nenda kakae. Kesho uje." Akamwita mtu mwingine ashike roda, akaniambia na mimi niende, maana uso wangu, alisema, haufai kushika kamba ya mtu.

Tulikaa juu ya rundo la mawe, mbali kidogo na wenzetu. Kaka alisema ilikuwa kwa rafiki, alikunywa kidogo, akaosha mdomo mara nyingi, akalala. Asubuhi alipoamka alijua kwamba sitasikia kitu. Alisema kunipita hakukuwa kugumu kama alivyodhani. Nilitaka kumwambia twende dukani kwa mama wa vitenge, tusisubiri Jumamosi, lakini neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Ningekushusha," nilimwambia.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimesema."